Baiskeli ya mlima Nyanda za Juu Kusini: mwongozo kamili wa njia za misitu na kando ya mito

Huku kusini usiulize njia ina kilomita ngapi. Uliza inapanda mita ngapi. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, uwanda wa Kitulo unapita 2,600, na ufukwe wa Matema kwenye Ziwa Nyasa uko chini ya mita 500. Mwenyeji wa Rungwe akikwambia "ni hapo tu ng'ambo ya bonde", hakudanganyi: kweli ni hapo tu, ila bonde lenyewe ndilo safari.

Kadiria muda hivi: saa moja kwa kila kilomita 12, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 500 za kupanda. Njia ya kilomita 30 inayopanda jumla ya mita 800 itakuchukua saa nne na kitu, bila kuhesabu pancha, picha na chai. Kama njia ni tope au ni kijia chembamba cha msituni, ongeza theluthi nyingine. Mwezi Juni jua la Mbeya huchomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, na chini ya miti giza huingia mapema zaidi. Panga uwe umetoka msituni saa kumi na moja. Hata hivyo taa iwe kwenye begi.

Uanzie wapi

Kama ndiyo kwanza unaanza, nenda Mufindi. Shamba la miti la Sao Hill, karibu na Mafinga, lina barabara nyingi za udongo katikati ya misonobari na mikaratusi, na vilima vyake ni vya kupanda na kushuka kidogo kidogo. Hatari zake ni mbili. Ya kwanza ni malori ya magogo, ambayo hayawezi kukukwepa kwenye kona. Kaa kushoto na ondoa simu masikioni. Ya pili ni kupotea, kwa sababu kila njia panda inafanana na nyingine. Pakua ramani ya kutumia bila intaneti kabla ya kuondoka, weka alama mahali ulipoanzia, na kila unapokata kona geuka nyuma utazame njia itakavyoonekana wakati wa kurudi. Majani ya msonobari yaliyokauka yanateleza kama yaliyolowa, hivyo usibane breki ukiwa umeinamisha baiskeli kwenye kona.

Iringa ni nchi nyingine kabisa. Kando ya Ruaha Mdogo, na kwenye njia za kuelekea Kalenga na Isimila, utakuta miombo, mawe makubwa, mchanga na miiba. Mipando ni mifupi na jua ni kali. Hapa adui ni pancha. Njia za kando ya mto hupita katikati ya bustani za mboga na mifereji ya kumwagilia, na mara nyingi hukatika ghafla pale ukingo ulipoliwa na maji ya masika. Usiendeshe kasi kwenye ukingo usioujua, hata kama mtu alipita jana.

Rungwe ndiko kwenye utamu wenyewe, na ndiko kunakotaka mazoezi. Magharibi ya barabara ya lami ya Mbeya hadi Tukuyu kuna njia za udongo zinazoshuka kupitia migomba na mashamba ya chai hadi mto Kiwira, penye Daraja la Mungu, ambalo ni mwamba wa asili uliovuka mto. Ukiendelea utafika Kijungu, pale mto unapotumbukia kwenye shimo la mwamba mfano wa chungu. Eneo hilo liko jirani na Chuo cha Magereza Kiwira, kwa hiyo ukifika getini simama, salimia na ueleze unakokwenda. Ziwa Ngozi nalo linafikika kwa baiskeli hadi mguuni mwa mlima tu. Mpando wa mwisho ndani ya msitu ni wa miguu, una mizizi na utelezi. Acha baiskeli chini kwa mtu mliyekubaliana malipo yake kabla.

Wenye mapafu wana Kitulo. Unaweza kupandia upande wa Isyonje, au ukaanzia Chimala kwenye barabara ya Hamsini na Saba, iliyopewa jina kwa idadi ya kona zake, inayotoka uwanda wa Usangu kwenda Matamba. Chimala kuna joto, juu kuna baridi, na malori ya viazi hushuka humo kwa gia ndogo. Panda alfajiri. Kama breki zako ni za kubahatisha, usishuke.

Msimu

Mvua za Nyanda za Juu Kusini huanza karibu Novemba na kukata Aprili au Mei. Tukuyu na jirani zake huendelea kunyeshewa hata baada ya hapo, kwa kuwa ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini. Wakati mzuri ni Juni hadi Oktoba. Juni na Julai udongo umeshika vizuri, ila asubuhi kuna ukungu, na Makete na Mufindi hupata sakitu. Septemba na Oktoba njia ni kavu, vumbi limekuwa unga, na moto wa msitu ni hatari ya kweli. Ukiona moshi mbele yako usijaribu kuuwahi upite. Rudi ulikotoka na upige 114, namba ya Zimamoto.

Udongo nao una tabia zake. Mwekundu wa Mufindi ukilowa hunata: tairi hujaa tope hadi gurudumu linagoma kuzunguka kwenye fremu. Mweusi wa Rungwe, uliotokana na volkano, haunati sana lakini unateleza. Baada ya mvua kubwa uache Mufindi siku mbili ukauke. Ukiulazimisha utaharibu baiskeli, na matairi yatachimba mfereji ambao mvua ijayo itaugeuza korongo.

Kuandaa baiskeli

Baiskeli ya mtumba yenye fremu nzima inatosha. Unachohitaji ni gia nyepesi ya kutosha, tairi pana na breki zinazoshika. Kwa gia, angalia mbele na nyuma: mbele meno 22 na nyuma 32 au 34 ni nzuri kwa mipando ya huku, kwa baiskeli zenye sahani moja ya meno mbele, meno 30 au 32 na nyuma angalau 46. Shokapu ya mbele inasaidia, lakini iliyokufa inayogonga "ko-ko" kila shimo ni mzigo tu. Uma wa chuma usiocheza ni bora kuliko hiyo.

Fanya ukaguzi huu siku mbili kabla, siyo asubuhi ya safari, ili ukikuta tatizo duka liwe bado halijafungwa.

1. Mnyororo. Chukua rula ya shule, upande wa inchi. Weka sifuri katikati ya pini moja, kisha tazama alama ya inchi 12: kwenye mnyororo mzima kuna pini hapo hapo. Pini ikiwa imepita alama kwa 1/16 ya inchi, badilisha mnyororo. Ikipita 1/8, umechelewa: meno ya nyuma nayo yameshalika, na ukifunga mnyororo mpya peke yake utaruka kwenye mpando, hasa ukiwa umesimama kwenye pedeli.

2. Breki. Za diski: chomoa pedi, tazama unene wa kitu kinachosugua, bila bati lake. Chini ya milimita moja, tupa. Za rimu: raba iguse rimu tupu, milimita moja chini ya ukingo wake, ikigusa tairi italichana, ikishuka sana itateleza na kuingia kwenye spoku. Bana breki kwa nguvu zako zote. Mkono wa breki ukigusa usukani, kaza waya, au kama ni breki za oili mpelekee fundi azitoe hewa. Pedi mpya hazishiki hadi zizoee: tafuta mteremko mpole, endesha kasi ya wastani, bana hadi karibu kusimama, achia, rudia mara ishirini.

3. Magurudumu. Inua baiskeli, zungusha, tazama rimu inavyopita kati ya raba au karibu na uma. Kisha bana spoku mbili mbili kwa vidole ukizunguka. Iliyolegea inajulikana, na spoku moja iliyolegea huzivunja jirani zake. Shika tairi juu uitikise kushoto na kulia. Ikicheza, beringi za hab (kitovu cha gurudumu) zinataka kukazwa.

4. Usukani. Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia mgongano mdogo kwenye kichwa cha fremu, kaza kabla ya kwenda popote.

5. Kiti. Weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuinama. Hicho ndicho kimo cha kupandia. Piga alama kwa rangi ya kucha. Kabla ya mteremko mrefu shusha sentimita 4 au 5, na ukifika chini rudisha. Magoti mengi yanayouma baada ya safari yameumizwa na kiti kilichoachwa chini.

Upepo wa tairi

Watu wengi hujaza upepo mpaka tairi liwe jiwe, wakiamini pancha zitapungua. Kwenye lami sawa. Kwenye mizizi na mawe tairi gumu hurukaruka, na kila linaporuka halishiki chochote. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tairi la upana wa inchi 2.2 lenye tyubu, psi 30 (psi ni kipimo cha presha ya upepo) nyuma na 27 mbele ni mahali pazuri pa kuanzia. Ongeza psi 2 kwa kila kilo 10 zinazozidi, pamoja na uzito wa begi. Kwenye tope punguza 3. Kwenye mawe ya Iringa ongeza 3, maana huko rimu ikigonga jiwe tyubu inatoboka.

Pancha yenyewe itakuambia ulikosea wapi. Tundu moja ni mwiba au msumari. Matundu mawili yaliyokaa sambamba ni rimu iliyobana tyubu kwenye jiwe: upepo ulikuwa mdogo. Tundu upande wa ndani, unaotazama rimu, ni kichwa cha spoku kilichotokeza. Utaziba mara kumi kama hujabadilisha utepe wa rimu.

Mashine ya upepo ya gereji inajaza magari, na tyubu ya baiskeli inaweza kupasuka ndani ya sekunde chache. Pampu ya fundi wa kijijini mara nyingi ni ya valvu za baiskeli za kawaida. Beba yako, na uijaribu nyumbani.

Vitu vya kubeba

Tyubu mbili, viraka vinane, solesheni ambayo haijakauka (ifungue uone), msasa, vibao vitatu vya kung'olea tairi, pampu, alenki (funguo za pembe sita) namba 4, 5 na 6, kitoa pini cha mnyororo na kiungo kimoja cha kuunganishia, waya wa gia, mita moja ya utepe wa gundi ulioviringwa kwenye pampu, na kipande cha chupa ya plastiki kilichokatwa mviringo. Hicho cha mwisho ni cha kuweka ndani ya tairi lililochanika, ili tyubu isichungulie. Tyubu za inchi 29 ni adimu nje ya miji mikubwa. Ya inchi 26 ambayo kila fundi anayo huvutika ikaingia kwenye tairi la 27.5, na kwa dharura hata la 29. Inakufikisha.

Maji: nusu lita hadi robo tatu kwa saa. Kwa safari ya zaidi ya saa tatu tengeneza chupa moja ya lita moja yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chakula hakina haja ya kuwa cha dukani: ndizi, viazi vitamu vya kuchemsha, karanga, kipande cha boflo chenye parachichi. Kula kidogo kila nusu saa kabla njaa haijabisha hodi. Na koti la kuzuia upepo na mvua ni lazima hata kama umeondoka mjini kuna jua. Mtu aliyeloa jasho akishuka Kitulo kwenye ukungu vidole vyake hufa ganzi ndani ya dakika kumi, na vidole vyenye ganzi havibani breki.

Kupanda, kushuka, kuvuka

Kwenye mpando ingia gia nyepesi kabla ya kuhitaji. Ukibadilisha gia huku umekandamiza pedeli kwa nguvu zote, mnyororo unakatika, au sikio linaloshika kibadilisha gia cha nyuma linapinda. Kaa mbele ya kiti, shusha viwiko, tazama mita tano mbele. Gurudumu la mbele likinyanyuka, umekaa nyuma mno. La nyuma likizunguka bure, umekaa mbele mno. Kushuka na kusukuma si aibu. Kwenye mpando wa zaidi ya asilimia 20, anayesukuma hufika akiwa na pumzi.

Mteremko ndio unaoumiza watu. Simama kwenye pedeli zilizo sawa kwa sawa, magoti yakiwa laini, makalio nyuma ya kiti, kidole kimoja kwenye kila breki. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha zaidi, itumie, ila taratibu na gurudumu likiwa limenyooka. Punguza kasi kabla ya kona, achia ukiwa ndani yake.

Kwenye mteremko mrefu kama Hamsini na Saba usishikilie breki muda wote. Bana kwa nguvu sekunde mbili au tatu, achia, ipoe, bana tena. Breki za rimu zikishikiliwa huchemsha rimu hadi tyubu ipasuke. Za diski pedi hugeuka kioo, na oili ikichemka mkono wa breki unakuwa laini ghafla na kufika kwenye usukani. Dalili ya mapema ni harufu ya kuungua. Ukiisikia, simama dakika kumi. Usimwagie diski maji, itapinda.

Mizizi iliyolowa ivuke ukiwa umenyooka, gurudumu likiikata kama msalaba, bila breki na bila kukanyaga. Ukiipitia kimshazari utalala chini kabla hujaelewa. Dimbwi usilolijua, shuka upime kwa kijiti.

Mito: maji yaliyo chini ya hab unaweza kupita ukiendesha kwa gia nyepesi bila kusimama. Yakifika hab, shuka. Yakipita goti na yana kasi, usivuke; tafuta daraja, au rudi. Unapovuka kwa miguu acha viatu miguuni, baiskeli iwe upande yanakoelekea maji, ili mkondo usiisukume ikakuangusha. Maji yakibadilika ghafla kuwa ya kahawia, na vijiti vinaelea, mvua imenyesha juu mlimani hata kama kwako kuna jua. Toka mtoni mara moja. Huku chini karibu na Ziwa Nyasa usivuke karibu na midomo ya mito bila kuuliza wenyeji, kwa sababu ya mamba. Madaraja ya miti yanayovuka vijito vya Rungwe mara nyingi ni magogo mawili matatu yenye ukoga. Beba baiskeli begani uvuke kwa miguu.

Kiraka kinachoshika

Kiraka cha njiani kinabanduka kwa sababu ya haraka ya anayeziba, si kwa ubaya wa solesheni. Jaza tyubu upepo kidogo, pitisha karibu na mdomo au shavu hadi uhisi hewa. Zungushia alama kubwa, maana ndogo utaifuta kwa msasa. Sugua hadi weusi upoteze mng'ao, eneo pana kuliko kiraka. Paka solesheni nyembamba, subiri dakika tano hadi ikiguswa isinate kidole. Hapo ndipo wengi hukosea: hubandika ikiwa mbichi. Bandika, kandamiza kwa mpini wa kibao. Wakati unasubiri, pitisha kitambaa ndani ya tairi, siyo kidole. Mwiba wa mgunga unaokaa ndani ndiyo pancha yako ya pili.

Kibadilisha gia cha nyuma kikivunjika, toa pini, fupisha mnyororo, uunganishe kwenye meno ya katikati yaliyonyooka na sahani ya mbele. Utarudi na gia moja, lakini utarudi.

Vibali na watu

Msitu wa mlima Rungwe na shamba la Sao Hill viko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), Kitulo ni hifadhi ya taifa chini ya TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania). Pita ofisini au getini kwanza, uliza viwango vya siku hiyo, lipa kwa namba ya malipo ya serikali, tunza risiti. Uliza wazi kama baiskeli inaruhusiwa kwenye njia unayoitaka, siyo kama wewe unaruhusiwa kuingia. Ni maswali mawili. Kwenye ardhi ya kijiji mwone mwenyekiti au mtendaji, hasa mkiwa kundi.

Salimia. Iringa "kamwene", Rungwe "ugonile", au shikamoo tu kwa mkubwa. Mama mwenye mzigo wa kuni kichwani hawezi kukukwepa, kwa hiyo wewe ndiye wa kusimama, nje ya njia, upande wa bondeni. Ng'ombe wapite kwanza, na kengele usiipige karibu yao. Anayepanda ana haki ya njia kuliko anayeshuka.

Ukipanda basi au kosta na baiskeli, toa pedeli na gurudumu la mbele, weka kipande cha boksi katikati ya pedi za diski, na usiruhusu mtu abane breki huku gurudumu liko nje. Pedi hukutana zisiachane.

Baada ya safari

Osha siku hiyo hiyo, tope likiwa bado bichi: ndoo, sabuni, brashi. Usipeleke kwenye mashine ya kuoshea magari, kwa sababu presha yake husukuma mchanga ndani ya beringi. Kausha kwa kitambaa. Mnyororo upake oili safi, tone moja kwa kila kiungo, zungusha, subiri robo saa, kisha futa yote ya nje. Oili chafu ya injini, ambayo mafundi wengi bado wanaipaka, inakamata vumbi na kusaga meno. Funika diski kwa mfuko unapopaka. Tone moja likiiangukia, pedi zitapiga kelele na kuteleza, na mara nyingi dawa ni kununua nyingine. Kama maji ya mto yalifika hab, mpelekee fundi azifungue na kubadilisha grisi ndani ya wiki hiyo. Grisi iliyoingiwa na maji hugeuka nyeupe kama maziwa, na beringi zikianza kukwaruza ni hab nzima inayokwenda.